Hakukuwa na Swali

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandika yale ambayo watu wamesema, na kwa miaka hiyohiyo karibu hakuna mtu aliyesema kitu. Nilikuwa sekretere wa kartie moja, yaani mtaa, ya mji wa Baraka huko Kongo, upande ule unaoshuka kuelekea ziwa. Biro yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, moja ya shefu wa kartie na moja yangu, na kabati la mbao ambalo mlango wake tuliufunga kwa mpira wa baiskeli. Ndani ya kabati kulikuwa na madaftari ya mikutano. Kila mkutano ulikuwa na ripoti yake, na kila ripoti niliiandika kwa mkono wangu.

Mikutano yenyewe ilifanana. Siku moja kabla, mtu wa megafone alipita kwa pikipiki akitangaza kwamba raia wote, wababa kwa wamama, wafike kwenye uwanja wa biro saa tisa mchana. Saa tisa walikuja wazee wa avenyu, walimu wawili watatu, na madereva wa pikipiki waliokosa abiria. Walikaa kwenye viti tulivyoazima kanisani. Shefu alisimama akasoma karatasi iliyotoka juu, kwanza kwa Kifaransa, halafu akaieleza kwa Kiswahili kwa ufupi sana. Kisha akauliza, "Kuko swali?" Akangoja kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamesafiri. Watu walitazama viatu vyao. "Hakuna. Basi, aksanti. Tupige makofi." Nami niliandika mstari wa mwisho, uleule kila mara: *Hakukuwa na swali. Raia walikubali yote.*

Mkono uliuzoea mstari ule. Niliweza kuuandika huku nikiwaza chumvi iliyokwisha nyumbani.

Nyumbani nilikuwa peke yangu. Wakati wa vita tulivuka ziwa, mimi na mke wangu na mabinti zetu watatu, tukakaa miaka mingi kambini Nyarugusu, upande wa Tanzania. Siku moja nilisikia kwamba kiwanja cha marehemu baba yangu kimeanza kuchimbwa msingi na watu wengine, nikarudi Baraka kukitazama. Nilisema nitakaa mwezi mmoja. Nikiwa huku, kambini walipita watu kuhakiki majina ya familia zitakazopelekwa nchi za mbali. Wakauliza mume yuko wapi. Mke wangu alisema ukweli, kwamba amerudi Kongo. Jina langu likakatwa kwenye dosiye, lile faili la familia. Mwishowe wao walipanda ndege, mimi nikabaki na kiwanja.

Simlaumu. Mimi mwenyewe nilimwambia kwa simu, "Tangulia na batoto, mi nitafuata." Wote wawili tulijua kwamba aliyekatwa hana njia ya kufuata, lakini ni maneno yaliyotusaidia kukata simu. Sasa wanapiga Jumapili. Kiswahili cha watoto kinapungua mwaka hadi mwaka. Yule mdogo ananiamkia, anacheka kwa aibu, kisha anampa mama yake simu. Mama yake anauliza kama nimekula. Nasema nimekula.

Nilikuwa nakula kweli. Nilijifunza kuwasha mbabula, lile jiko la makaa, kutwanga majani ya sombe, kusonga bugali. Kitu kimoja tu sikujifunza, kupima unga wa mtu mmoja. Kila mara bugali ilibaki, na asubuhi niliwapa kuku wa jirani.

Ndivyo nilivyokuwa siku tulipoitisha mkutano wa robine, yaani mabomba ya maji ya umma. Komini, yaani serikali ya mji, ilikuwa imepata mradi, na kartie yetu ilipewa robine mbili. Karatasi ya kutoka juu ilisema zote mbili zitawekwa kando ya barabara, moja karibu na biro yetu na nyingine mbele ya shule. Shefu alisoma, akaeleza, akauliza kama kuko swali. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika herufi ya kwanza ya mstari wangu.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama nyuma kabisa. Sikumjua kwa jina wakati huo. Nilimjua kwa sura tu: alikuwa mmoja wa wale wanaonunua ndakala, dagaa wa ziwa, kutoka mitumbwini asubuhi na kuwaanika kwenye mchanga wa ufuoni. Kitenge chake kilikuwa na magamba ya samaki. Alisimama mikono ikiwa mbele, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Mi naomba kuuliza," alisema. "Robine zote mbili munaweka kule juu, ku barabara. Sisi ba huku chini tunakunywaka maji ya ziwa. Kipindupindu inaanzaka kwetu, haianzaka juu. Mi nilishazika mutoto. Sababu gani robine moja isikuje chini, pale njia inashukia ku maji?"

Nilidhani amemaliza, lakini hakukaa.

"Na ingine. Munaita bamama saa tisa. Saa tisa njo saa ya kuokota ndakala ku muchanga, mvua isiikute. Mi niliacha yangu kwa jirani. Benzangu batakuja namna gani?"

Mwanamume mmoja wa mstari wa mbele alisema bila kugeuka, "Rudia ndakala yako, mama. Mvua iko inakuja." Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilikuwa kile cha kumfanya mtu akae. Naye akakaa.

"Mama, swali yako imesikika," alisema shefu. "Kuko ingine? Hakuna. Tupige makofi."

Na kweli mvua ilikuja, kabla hata viti havijarudishwa kanisani.

Siku hiyo niliandika kwa bidii. Niliandika swali lake la kwanza na la pili, na jina lake, ambalo nililipata kwenye orodha ya waliofika; mtu alikuwa amemwandikia, yeye akaweka kidole. Nakiri kwamba nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza mkono wangu kuandika ukurasa ambao haukuujua.

Kesho yake shefu alisoma rasimu yangu, akaweka kidole penye maswali yale.

"Hii toa."

"Shefu, alisema."

"Najua alisema. Mi nilikuwa pale. Lakini tukiandika swali, kule juu bataomba jibu. Jibu iko wapi? We uko nayo?"

Nilivuta rasimu upande wangu.

"Basi, toa."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshika kartie ile katika miaka ambayo wengine walikimbia vyeo vyao, na alikuwa amejifunza kwamba karatasi isiyo na swali hairudi. Nilinakili ripoti upya. Nilipofika mwisho nikaandika: *Hakukuwa na swali. Raia walikubali yote.* Ule ukurasa wa kwanza niliuchukua nyumbani, nikawashia mbabula.

Siku chache baadaye mwanamke yule alikuja biro. Shefu alikuwa ameenda komini. Alisimama mlangoni hadi nilipomkaribisha, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Papa sekretere, mi nakuja kuomba kitu kidogo. Unisomee pale nilisema."

"Pale wapi, mama?"

"Mu daftari. Nilikuona uko unaandika. Mi sijue kusoma, lakini najua kusikia."

Ningeweza kumdanganya. Ningefungua daftari na kumsomea kutoka kichwani, maana maneno yake nilikuwa nayakumbuka yote. Sijui kwa nini sikufanya hivyo. Labda nilitumaini kwamba ataelewa ugumu wa kazi yangu. Nilifungua daftari nikamsomea ripoti nzima, kuanzia tarehe hadi mstari wa mwisho. Alisikiliza akiinamisha kichwa. Nilipomaliza aliendelea kungoja.

"Imeisha?" aliuliza.

"Imeisha."

"Basi sikusema."

"Mama, ulisema. Shida ni..."

"Hapana. Kama haiko, sikusema." Alisimama akajifunga kitenge upya. "Ile siku mvua ilinikutia ndakala, jirani alishindwa kuokota yote. Yote ikaoza. Mi nikasema si kitu, maneno yangu iko ku karatasi."

Akatoka. Hakupaza sauti, hakunitukana. Nilibaki nimeshika daftari lililofunguka, nikakumbuka simu ile ya kambini. Mimi nilikuwa najua vizuri jinsi mtu anavyokuwa baada ya kukatwa kwenye karatasi. Anaendelea kula, kutembea na kusalimiana na watu. Lakini kuna mahali fulani ambako watu wanahesabiana, na pale yeye hayupo. Mimi nilifanyiwa hivyo na mtu ambaye sikumwona sura. Yeye alifanyiwa na mimi, naye sura yangu aliiona.

Jioni ile sikupika.

Baada ya siku mbili niliteremka ufuoni asubuhi, kabla ya saa za kazi. Nilikuwa sijafika pale kwa muda mrefu. Mtu asiye na familia hununua samaki wake njiani, kidogo kidogo, hana haja ya kushuka. Mitumbwi ilikuwa imeshaingia. Wanawake walikuwa wakitandaza ndakala, na mchanga wote uling'aa. Nilipouliza habari za mwenzao, waliendelea kutandaza.

"Alienda," alisema mwishowe mama mmoja mzee, bila kuacha kazi yake. "Iko kule kijijini Lweba kwa dada yake."

"Atarudi lini?"

"Atarudia nini huku?"

Wakanieleza, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Tangu siku ya mkutano hakupata raha. Kwenye avenyu walisema ule mama anataka kiti cha ushefu. Wakwe zake walisema ameiaibisha nyumba kwa kutaja mtoto aliyezikwa mbele ya wanaume. Na hapa ufuoni, wenzake wenyewe, waliogopa kwamba kwa ajili yake watakatazwa kuanika kwenye mchanga ule, wakaanza kumpa kisogo.

"Na mi pia," alisema yule mzee. "Nilimupa kisogo. Nilifikiri tutaona kama bataweka maneno yake ku karatasi. Kama bangeweka, tungesema: aa, kumbe iko na nguvu."

Sikuwaambia mara moja kwamba ni mimi niliyeyatoa. Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Walisahau kidogo kwamba nipo, wakaendelea kuzungumza huku wakigeuza samaki: njia ya kushukia inavyoteleza, choo cha soko kinavyofungwa kwa kufuli na ufunguo haujulikani uko kwa nani, watoto wanavyoanza kuhara mvua za kwanza zikishuka. Mambo hayo yote sikuwahi kuyaandika, na yote yalikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye meza yangu. Nilitoa daftari langu dogo mfukoni nikaanza kuandika.

"Unaandika nini?" aliuliza mmoja kwa ukali.

"Kile munasema."

"Utapelekea nani?"

Hapo ndipo nilipowaambia. Niliwaambia kwamba maneno ya mwenzao niliyaandika, kisha nikayatoa kwa mkono wangu. Mmoja alichukua beseni lake akaenda kuanika mbali. Wengine walibaki, nafikiri kwa sababu samaki wao walikuwa pale.

"Soma," alisema yule mzee. "Soma kile uliandika sasa. Tusikie kama na sisi utatutoa."

Nikasoma. Nilipofika katikati alinyoosha mkono uliojaa mchanga.

"Hapana. Sikusema 'tunaomba robine.' Nilisema 'tunataka.'"

Nilikata neno moja nikaandika jingine, nikamsomea tena. Akatikisa kichwa kukubali. Katika miaka yote ya kazi yangu hakuna raia aliyewahi kunisahihisha. Nilipanda kurudi biro nikiwa na mchanga kwenye viatu, nikitamani kuwa na mtu wa kumweleza jambo hilo. Ilikuwa Jumanne. Simu ingekuja Jumapili.

Nilimweleza mwalimu. Huyu alikuwa mama aliyestaafu kufundisha, na wakati huo ndiye aliyekuwa msemaji wa shirika la raia hapo Baraka. Nilimkuta kwenye veranda yake akichambua maharagwe. Nilitegemea atanikasirikia, au atakasirikia shefu, kwa maana ndiyo kazi ya shirika la raia, kulaumu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na sisi iko na makosa," alisema. "Tunaitaka ba atelie ya mafunzo, tunaweka bango, bantu wanapigwa picha, kila muntu anarudi kwake. Siku moja sijauliza nani hakukuja, na sababu gani." Akaweka ungo chini. "Muntu wa kwanza kusema anaachwaka yeye moja. Hii njo shida. Benzake wanaona vile amebaki yeye moja, nabo wananyamaza."

Tulienda pamoja kwa shefu. Mwalimu alikuwa amemfundisha shefu darasa la nne, na hilo lilisaidia zaidi ya sheria yoyote. Alimwomba vitu viwili tu. Mkutano unaofuata ufanyikie ufuoni, asubuhi, baada ya samaki kutandazwa. Na ripoti isomwe kwa sauti mbele ya watu kabla hawajatawanyika.

"Ku muchanga?" alisema shefu. "Kiti yangu nitaweka wapi?"

"Utakaa penye bantu wanakaaka."

"Na baniulize maswali yenye sina jibu?"

"Andika 'bado.' 'Bado' pia ni jibu. Hakuna muntu atakufunga juu ya 'bado.'"

Shefu alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemuuza. Labda ilikuwa kweli. Kwa wiki nzima hakunisalimu vizuri, na kwa kuwa yeye ndiye mtu pekee niliyeshinda naye kutwa, wiki ile ilikuwa ndefu.

Lakini alikuja. Alikuja na kiti chake cha plastiki, miguu ya kiti ikazama upande mmoja alipokikalia, akasimama, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa kama sisi wengine. Wanawake hawakuacha kazi. Walizungumza wakiwa wameinama, wakitugeuzia migongo, na mimi nilizunguka katikati ya samaki na daftari langu nikiuliza, "Nani amesema hiyo?" maana sauti zilitoka bila sura. Baadhi walikataa kutaja majina. Niliandika *mama mmoja*. Mzee mmoja wa kiume aliyekuwa akishona nyavu alilalamika kwamba zamani mambo ya watu yalizungumziwa kwenye lubunga, kibanda cha wanaume, na mwanamke hakuketi pale.

"Lubunga ilikuwa na paa," alimjibu yule mama mzee. "Hapa hakuna paa. Kila muntu anaingia."

Walicheka, na kicheko hiki kilikuwa cha aina nyingine. Hata mzee wa nyavu alicheka.

Kabla ya kusoma ripoti nilifanya jambo ambalo sikumwambia shefu. Juu kabisa niliandika kwamba swali la robine liliulizwa kwanza na mwanamke fulani, kwa jina lake, katika mkutano uliopita, na kwamba sekretere hakuliandika. Nilisoma hivyo, kwa sauti. Shefu akanyoosha mkono, akachukua kalamu, akasaini.

Mkutano wa pili wa ufuoni ulikuwa na watu zaidi, na wa tatu zaidi tena, ingawa kuna miezi mvua ilitushinda na kuna mara moja tulibaki mimi, mwalimu na mbwa. Majibu mengi ya shefu yalikuwa "bado." Choo cha soko kilibaki na kufuli lake karibu mwaka mzima. Lakini watu waliokuwa wakiondoka makofi yakipigwa, sasa walingoja kusomwa. Walitaka kusikia kama wapo. Wale waliokataa kutaja majina walianza kunifuata: "Papa sekretere, ile ya 'mama mmoja,' ni mi. Andika." Mwalimu alitafuta kijana aliyerudia ripoti kwa Kibembe, lugha ya wenyeji, kwa ajili ya wakongwe, na kila mara ripoti ya Kibembe ilichukua muda mrefu kuliko yangu, kwa sababu wakongwe walimkatiza.

Robine ya karibu na biro ilikuwa imeshachimbwa, hiyo haikuweza kuhama. Ile ya shule ilihama. Komini ilituma fundi aje aone, wanawake wakamwongoza wao wenyewe hadi mahali ambapo njia inashukia, wakasimama pale hadi alipochomeka kijiti.

Siku ile fundi alipochomeka kijiti nilikodi pikipiki nikaenda Lweba. Nilimkuta mwanamke yule shambani nyuma ya nyumba ya dada yake, akilima mihogo. Hakushangaa kuniona, au hakuonyesha. Tulikaa kwenye gogo, nikamsomea ripoti zote, moja baada ya nyingine. Ilichukua muda. Jina lake nilipolifikia, aliniambia nirudie.

"Na shefu alisaini?"

"Alisaini."

Alichukua daftari, akapitisha kidole juu ya saini kana kwamba anapima urefu wake.

"Ni muzuri," alisema. "Ni muzuri kwabo." Akanirudishia. "Mi sitarudi Baraka lakini. Huku nimeshalima."

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Baraka, lakini yalitoka vibaya. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliuliza, "Na we? Mu yote hii umesoma, we ulisema nini?"

"Mi naandikaka tu, mama."

"Aa," alisema, na akasimama kurudia jembe lake. Kabla sijaondoka dada yake alinifungia mihogo kwenye gunia, mingi kupita kiasi cha mtu mmoja. Sikusema kwamba niko mmoja.

Katika mkutano uliofuata nilikaa na swali lile. Mambo yalipoisha na shefu akauliza kama kuko ingine, niliona mkono umeinuka, na ulikuwa wangu. Watu waligeuka. Nilisema nataka ripoti zibandikwe kwenye ukuta wa biro, nje, mtu yeyote azisome au asomewe, zisikae tena kwenye kabati. Nilisema kwa maneno machache. Nilipomaliza, kulitokea tatizo: kalamu nilikuwa nayo mimi, na hakuna aliyejua nani aandike. Shefu akaichukua.

"Jina?" aliuliza, akiwa na uso mkavu.

"Shefu, unanijua."

"Jina," alisema. "Hapa kila muntu anasema jina."

Nikasema jina langu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, mkubwa, unaopanda juu. Jioni niliutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jumapili nilimweleza mke wangu kwenye simu. Alisema ni vizuri, kisha mtandao ukakatika nikiwa bado naeleza habari za kalamu, na nilipopiga tena hakupatikana. Huko kwao ilikuwa saa ya kwenda kazini.

Maji yalifika kwenye robine ya chini mwanzoni mwa kiangazi. Siku ya pili nilishuka na bidoni langu la njano, dumu la maji. Mwanamume kuteka maji ni jambo la kutazamwa, na walinitazama. Kwa kuwa nilikuwa mtu wa biro, na kwa kuwa bidoni lilikuwa moja tu, nilipita hadi mbele nikaliweka karibu na bomba.

"Papa sekretere," alisema msichana mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, "mustari inaanzia kule."

Wengine wakaitikia. Hakuna aliyecheka. Nilichukua bidoni langu nikaenda hadi mwisho wa mstari, karibu na ukuta mmoja wa mawe, nikasimama nyuma ya mama aliyekuwa na beseni mbili. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Aliniuliza kama nyumbani tuko wengi. Nilimwambia niko peke yangu. Akasogeza beseni zake kidogo ili nipate kivuli cha ukuta, tukangoja.